Mazoezi ya Mikono kwa Wenye Shinikizo Kubwa la Damu katika Mishipa ya Mapafu: Mwongozo kwa Wagonjwa, Familia na Jumuiya



Katika kigango kimojawapo tunachokihudumia, nje kidogo ya mji wa Dodoma, yupo mama ambaye kwa miaka mingi alipiga ngoma ya muheme wakati wa matoleo. Wanaoijua ngoma hiyo ya akina mama wa Kigogo wanajua kwamba si ya mtu mlegevu: mikono haipumziki tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Ukafika wakati mama huyo akawa anaiacha ngoma katikati ya wimbo. Baadaye akaacha kuipiga kabisa, akawa anaketi hata wakati wa Injili. Katika Jumuiya yake walisema ameingiwa na kiburi. Ukweni walisema ni mvivu, kwa kuwa ndoo moja ya maji aliitua mara tatu njiani. Nasi tunaoandika haya tulimwona ameketi, tusimwulize neno. Ulipita zaidi ya mwaka mmoja ndipo kipimo cha moyo kilipoonyesha kwamba ana shinikizo kubwa la damu katika mishipa inayopeleka damu mapafuni.

Baada ya habari hiyo familia iligeuka. Aliyeitwa mvivu sasa alikatazwa kunyanyua hata kikombe. Akawekwa kitandani kama yai, na watoto wakafundishwa kumletea kila kitu. Nia ilikuwa njema, lakini mwili wake ulizidi kudhoofika, hata kuchana nywele kukawa ni kazi ya kupumzikia.

Tunaandika makala hii kwa sababu makosa hayo mawili tunayaona mara kwa mara katika nyumba za waamini wetu: kumtwisha mgonjwa kazi isiyo na kipimo, na kumnyima mwendo wa aina yoyote. Kati ya hayo ipo njia nyingine inayofundishwa na tiba ya leo, nayo ni zoezi dogo, lenye kipimo, linalofanywa chini ya uangalizi wa mtaalamu. Tutaeleza hasa mazoezi ya mikono, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina hii miguu yao imevimba au haina nguvu, lakini wanaweza kuketi na kuisogeza mikono yao. Sisi si madaktari. Yaliyomo humu yamsaidie mgonjwa kumwelewa daktari wake na kumwuliza maswali yafaayo. Yasichukue nafasi ya daktari huyo.

Ugonjwa huu ni upi?

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu yenye oksijeni kwenda mwilini kote. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni ili ipate oksijeni upya. Safari ya kwanza ni ndefu na ya pili ni fupi. Kwa hiyo Muumba ameufanya ukuta wa kushoto kuwa mnene na ukuta wa kulia kuwa mwembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyepumzika, wastani wa shinikizo katika ateri za mapafu ni takriban milimita 14 za zebaki, wakati wastani katika ateri za mwili hukaribia 90.

Ateri za mapafu zinapokuwa nyembamba, ngumu au zilizoziba, shinikizo ndani yake hupanda. Upande wa kulia wa moyo, ambao haukuumbwa kwa mzigo huo, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kwanza ukuta wake hunenepa; hatimaye hutanuka na kuchoka. Wataalamu waliokutana Geneva mwaka 1973 kwa mwaliko wa Shirika la Afya Duniani waliweka wastani wa milimita 25 kuwa kipimo cha kuutambulisha ugonjwa. Mkutano wa dunia uliofanyika Nice, Ufaransa, mwaka 2018 ulipendekeza kipimo hicho kishushwe, na mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 ukakubali kwamba wastani unaozidi 20 si wa kawaida.

Ni lazima tuutofautishe ugonjwa huu na ile tuliyozoea kuiita presha. Mashine inayofungwa mkononi hupima shinikizo la ateri za mwili tu, wala haigusi habari za mapafu. Mtu anaweza kupimwa mkononi akaambiwa presha yake ni nzuri kabisa, na huku upande wa kulia wa moyo wake unalemewa.

Madaktari huugawa ugonjwa huu katika makundi makubwa matano. La kwanza ni lile ambalo kasoro yake imo katika ateri zenyewe za mapafu: pengine kwa sababu isiyojulikana, pengine kwa kurithi, au kutokana na matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo, maambukizi ya VVU, au kichocho kilichokwisha kuliharibu ini. Kundi la pili hutokana na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo. Humo wamo vijana wetu wengi ambao valvu za moyo ziliharibika kwa sababu ya maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. La tatu hutokana na magonjwa ya mapafu yenyewe, kama makovu ya kifua kikuu au madhara ya moshi wa miaka mingi. La nne hutokana na mabonge ya damu yaliyoziba mishipa. La tano hukusanya sababu mchanganyiko, ikiwemo selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa nayo. Ni muhimu mgonjwa ajue yumo katika kundi gani, maana dawa za kundi moja zaweza kumdhuru mtu wa kundi jingine.

Unavyojificha na unavyotambuliwa

Dalili yake ya kwanza ni kuishiwa pumzi wakati wa kazi ambayo zamani haikuwa kitu: kupanda mwinuko mdogo, kufua, kusonga ugali. Hufuata uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuvimba miguu na tumbo, na kwa wengine kuzimia ghafla. Dalili hizi hufanana na za pumu, za upungufu wa damu na za kifua kikuu. Kwa hiyo wagonjwa wengi huzunguka miaka na miaka kabla ya kupata jibu. Wengine huishia kwa waganga wa kienyeji, wakiambiwa kwamba wamefungwa kifua.

Kipimo cha kwanza ni eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, hakina maumivu. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kupitisha mrija mwembamba, uitwao katheta, hadi upande wa kulia wa moyo na kulisoma shinikizo moja kwa moja. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, hutoa huduma za kibingwa za moyo. Na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwamini aliyeko Kongwa, Mpwapwa, Chemba au Manyoni aanzie katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu naye na kuomba rufaa, asisubiri mpaka azimie.

Kutoka kitandani hadi kwenye zoezi

Kwa miongo mingi agizo la madaktari duniani kote lilikuwa moja: pumzika. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwamba mgonjwa akijitahidi, upande wa kulia wa moyo utashindwa na ataanguka. Familia zetu zinazomlaza mgonjwa zinafuata busara ya zamani, wala hazikuizua zenyewe.

Mwaka 2006 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha utafiti uliobadili mawazo hayo. Waliwachukua wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia dawa na hali yao imetulia, wakawagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi kwa majuma 15: matatu ya kwanza hospitalini na 12 yaliyofuata nyumbani. Waliendesha baiskeli isiyotembea kwa nguvu ndogo, walitembea, walijifunza kupumua, na walinyanyua kwa mikono vyuma vidogo vya gramu 500 hadi 1,000. Mwishoni walipimwa umbali ambao mtu aweza kutembea kwa dakika sita. Waliofanya mazoezi waliongeza wastani wa mita 96, na wale wasiofanya walipungukiwa na mita 15.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini ulifuatwa na mingine. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 sasa unapendekeza kwa uzito kwamba mgonjwa wa kundi la kwanza ambaye tayari yumo katika dawa apewe mazoezi yanayosimamiwa. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Uturuki wamejaribu pia mazoezi ya mikono peke yake, mgonjwa akizungusha kwa mikono mashine mfano wa pedali za baiskeli, nao wakaona faida katika uwezo wa mwili na katika pumzi. Hata hivyo, tuseme kweli: ushahidi mwingi uliopo unatokana na miguu, au na miguu na mikono kwa pamoja. Mikono ni mlango mzuri kwa asiyeweza kutembea. Anayeweza kutembea asiuache mwendo wake.

Kwa nini mikono, na kwa nini kwa tahadhari?

Mgonjwa wa muda mrefu hupoteza nyama za mwili, na misuli iliyodhoofika hutumia oksijeni vibaya. Kwa hiyo kazi ileile ndogo huudai moyo damu nyingi zaidi. Misuli ikizoezwa hujifunza kutumia vizuri kile kidogo kinachowafikia, na moyo hupata nafuu. Zoezi haliondoi ugonjwa katika ateri; hiyo ni kazi ya dawa. Faida ya zoezi ni kupunguza gharama ya maisha ya kila siku. Kwa mama wa nyumbani faida hiyo ni ya mikono hasa, kwani kumwogesha mtoto, kukoroga uji, kupepeta nafaka na kujifunga kanga ni kazi za mikono.

Zipo pia sababu za usalama. Anayefanya zoezi la mikono ameketi, basi kizunguzungu kikimjia hayuko mbali na msaada wa kiti chake. Aliyekatwa mguu, aliyepooza au mwenye miguu iliyovimba bado anaweza kushiriki.

Lakini mikono ina hila zake. Misuli yake ni midogo kuliko ya miguu. Kwa kiasi kilekile cha kazi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda zaidi mikono inapofanya kazi kuliko miguu. Kwa hiyo mzigo wa mikono sharti uwe mdogo kuliko ule ambao mtu angeumudu kwa miguu. Tena, misuli ya mabega na kifua ambayo huinua mikono ndiyo pia humsaidia kupumua mtu aliyeishiwa pumzi. Mikono ikiinuliwa juu bila kuegemezwa, misuli hiyo hutumwa kazi mbili kwa wakati mmoja, na pumzi hukatika upesi.

Jambo hili halikufichika kwa watu wa kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, Musa aliinua mikono yake wakati wa vita na Waamaleki, nayo ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumkemea wala hawakumwambia aiteremshe. Walimpatia jiwe akakalia, kisha wakaitegemeza mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likatua. Mtaalamu wa mazoezi tiba leo hufanya vivyo hivyo: humketisha mgonjwa na kuiegemeza mikono yake.

Kazi si zoezi

Wapo watakaouliza: mama wa Uwanda wa kati analima kwa jembe la mkono, anatwanga uwele, anachota maji katika visima vya mchanga vya makorongo wakati wa kiangazi, anahitaji zoezi gani tena? Swali hili ni la haki, na kutolijibu kumewaumiza wengi.

Kazi haina kipimo. Ugali husongwa mpaka uive, si mpaka msongaji achoke. Ndoo lazima ifike juu ya kisima. Haiwezi kuachwa katikati ya kamba. Mwanamke hubana pumzi ili ainue, na kubana pumzi huku ukijikamua hupandisha shinikizo kifuani na kupunguza damu inayorudi moyoni. Kwa mgonjwa wa aina hii huo ni mwanzo wa kuzimia. Juu ya hayo, ugali husongwa mbele ya moshi wa kuni, na jembe hushikwa katika jua.

Zoezi ni kinyume chake. Lina mwanzo na mwisho, huachwa mara dalili inapotokea, uzito wake hujulikana, na pumzi hutolewa nje kila mara nguvu inapotumika. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa “fanya kazi, ndiyo mazoezi” ni kumpotosha, na kumwambia “usifanye lolote” ni kumpotosha vilevile. Familia ipunguze kazi ili mgonjwa apate nguvu ya kufanya zoezi.

Zoezi lenyewe linavyofanyika

Kabla ya lolote, daktari wa moyo aseme wazi kwamba hali imetulia na dawa zinatumika ipasavyo. Mafunzo ya kwanza yafanyike mbele ya mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye atapima mapigo ya moyo na kiasi cha oksijeni katika damu kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Kila mgonjwa hupewa mipaka yake mwenyewe. Hesabu tunazozitaja hapa ni za kuonyesha mpangilio tu.

Mahali. Pawe na kiti imara chenye egemeo, kivulini, mbali na moshi na vumbi. Katika miezi ya joto kali, kabla mvua hazijaanza, wakati mzuri ni asubuhi, kwa sababu dawa nyingi za ugonjwa huu hutanua mishipa, na joto nalo huitanua. Vikikutana, presha ya mwili hushuka na kichwa huzunguka. Mgonjwa asianze akiwa ametoka tu kula chakula kingi, na awepo mtu karibu.

Kuanza. Kwa dakika tatu hivi mgonjwa huvuta pumzi puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepuliza makaa bila kutaka majivu yaruke. Kisha huzungusha mabega taratibu.

Sehemu ya kwanza: mikono iliyoegemezwa. Mgonjwa huweka viganja juu ya kitambaa mezani na kukisukuma mbele na kukirudisha, kama anayefuta meza, kwa dakika moja. Kisha hupumzika dakika moja. Hurudia mara tano.

Sehemu ya pili: kuzungusha. Penye mashine ya kuzungushwa kwa mikono, huizungusha bila uzito au kwa uzito mdogo sana. Pasipo na mashine, huizungusha mikono hewani mbele ya kifua, viwiko vimekunjwa, mikono isipite urefu wa mabega. Hapa pia ni dakika moja ya zoezi na moja ya kupumzika. Majuma yanavyosonga, na mtaalamu akiridhika, vipindi vya zoezi hurefushwa hadi kufikia jumla ya dakika 10, kisha 15 au zaidi.

Sehemu ya tatu: uzito mdogo. Hii si ya siku ya kwanza. Mtaalamu akiruhusu, chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 500 hivi, na ya lita moja ina kilo moja, sawa na vyuma vilivyotumika Heidelberg. Mgonjwa hukunja kiwiko akitoa pumzi, hukunjua akivuta pumzi, mkono mmoja kwa zamu. Asibane pumzi kamwe.

Kumaliza. Hupunguza mwendo polepole na kurudia kupumua kama alivyoanza. Asisimame ghafla.

Kwa walio wengi siku tatu kwa juma, zikiachana, ni mwanzo unaofaa. Kipimo cha nguvu ni rahisi: mgonjwa aweze kusema sentensi nzima huku akifanya zoezi. Akina mama wetu wanaweza kusali Salamu Maria kwa sauti. Anayelazimika kukata sala katikati ya fungu la maneno ili avute hewa, amezidisha. Kumi moja la Rozari huchukua kama dakika nne, nalo laweza kumwonyesha asiye na saa muda uliopita. Hatusemi kwamba sala ni saa ya ukutani. Tunasema tu kwamba mwili na roho havigombani vinapofanya jambo jema kwa pamoja. Mgonjwa awe na daftari, aandike tarehe, dakika alizofanya na jinsi alivyojisikia, alipeleke kliniki.

Wakati wa kusimama, na wakati wa kutoanza

Zoezi liachwe mara moja mgonjwa akipata kizunguzungu, maumivu au mgandamizo kifuani, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, midomo au kucha kugeuka rangi ya bluu, au kukosa pumzi kusikotulia baada ya dakika chache za kupumzika. Akizimia, au akikohoa damu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Asianze kabisa siku ambayo ana homa, amevimba kuliko kawaida, ameongezeka uzito kwa haraka ndani ya siku chache, au amekosa dawa zake. Aliyezimia siku za karibuni asifanye zoezi lolote mpaka daktari amwone. Mwenye mimba amwone daktari wa moyo mapema iwezekanavyo, kwa sababu mimba huuongezea moyo mzigo mkubwa, na katika ugonjwa huu hatari yake ni kubwa kwa mama na kwa mtoto.

Tuseme neno kuhusu dawa. Miongoni mwa zinazotumika ipo sildenafili, ambayo wengi huijua kama dawa ya nguvu za kiume. Tumewahi kumkuta mgonjwa aliyeificha kwa aibu, na mume aliyemshuku mkewe kwa sababu yake. Dawa hiyo hutanua mishipa ya mapafu, na wanawake huandikiwa kihalali kabisa. Isiachwe ghafla, wala isichanganywe na dawa nyingine za moyo bila daktari kujua. Na mtu yeyote atakayemwambia mgonjwa, kwa jina la Yesu, atupe dawa zake ili aonyeshe imani, hafundishi imani ya Kanisa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa zilizotoka katika ardhi, na katika sura hiyohiyo anamwagiza mgonjwa asali. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, nasi tusiyatenganishe.

Wajibu wa familia, Jumuiya na parokia

Mtaalamu hukutana na mgonjwa pengine mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote mgonjwa yupo pamoja nasi. Basi yapo tunayoweza kuyafanya.

Familia imwondolee mgonjwa ndoo, mchi na jembe, na impe nafasi ya zoezi bila kumcheka. Mume anayeona haya kuchota maji akumbuke kwamba aliapa kuwa pamoja na mkewe katika afya na katika ugonjwa. Jiko la kuni lihamishwe nje, au lipatikane jiko linalotoa moshi kidogo.

Jumuiya Ndogo Ndogo isiulize kwanza “mbona haji?” bali “anapumuaje?” WAWATA na UWAKA wanaweza kupanga zamu: mmoja kumsindikiza kliniki, mwingine kuketi naye dakika 20 wakati wa zoezi. Kuwepo kwa mwenzake ni kinga na ni faraja.

Parokiani, viongozi wa liturujia waelewe kwamba kusimama na kupiga magoti si lazima kwa anayezuiwa na afya. Awekewe kiti mahali pasipo msongamano, wala asionyeshwe kidole. Sheria ya kufunga haimbani mgonjwa. Na Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya dakika za mwisho tu. Mwenye ugonjwa mzito kama huu anaweza kuiomba angali anatembea, na kuipokea tena hali yake ikizidi. Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, ambayo Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992, ni nafasi nzuri ya kuwaalika wataalamu wa afya waje kuzungumza na waamini baada ya Misa.

Turudi kwa mama wa ngoma. Hakupona, wala hatukuambiwa kwamba atapona; anaendelea na dawa, na yapo majuma anayoshindwa kutoka nyumbani. Lakini baada ya miezi kadhaa ya kufuta meza kwa kitambaa, kuzungusha mikono na kuandika katika daftari lake, anajichana nywele mwenyewe. Muheme ameuachia binti yake. Siku za Dominika anaketi katika kiti chake miongoni mwa wanakwaya akiwa na kayamba, anaipiga kwa wimbo mmoja wa matoleo, kisha anaiweka magotini na kupumzika. Sasa sote tunajua kwa nini ameketi, na nyimbo zilizobaki wenzake humwimbia.

Bwana aliyemwambia mwenye mkono uliopooza aunyoshe awajalie wagonjwa wetu nguvu ya kunyosha mikono yao kwa kiasi wanachoweza, na atujalie sisi tulio wazima kuwa Haruni na Huri wao.